Cicely Saunders: Daktari aliyeitoa mofini kabatini

KWA zaidi ya miaka 100 kabla ya Cicely Saunders kuwa daktari, dawa ya kutuliza maumivu makali ilikuwa tayari inajulikana. Mofini, inayotokana na utomvu wa mmea wa afyuni, ilitengwa na mwanafamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Kufikia mwaka wa 1827, Merck wa mjini Darmstadt alikuwa ameanza kuitengeneza na kuiuza.

Hata hivyo, katikati ya karne ya 20, wagonjwa wa saratani waliokuwa wakielekea kukata roho katika hospitali za London walikuwa bado wanakesha wakigumia kwa uchungu, ilhali dawa yenyewe ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati, hatua chache tu kutoka vitandani mwao.

Tatizo halikuwa uhaba wa dawa bali woga, mazoea na kanuni. Madaktari wengi waliamini kwamba mgonjwa akipewa mofini mapema, ingemgeuza mraibu au ingepoteza nguvu kabla ya siku yake ya mwisho kufika. Kwa sababu hiyo dawa ilitolewa kwa kubaniwa, na mara nyingi baada ya mgonjwa kulia na kuomba.

Mwanamke aliyebadilisha desturi hiyo alianza kazi akiwa muuguzi, akawa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima. Alipofariki mnamo Julai 14, 2005, akiwa na umri wa miaka 87, mafunzo yake kuhusu maumivu yalikuwa yamekwishaingia katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na katika sera za mataifa mengi, yakiwemo ya Afrika Mashariki.

Binti mrefu, mwenye haya

Cicely Mary Strode Saunders alizaliwa Juni 22, 1918, mtaani Barnet, kaskazini mwa London, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Gordon Saunders, alikuwa wakala wa kuuza nyumba na ardhi aliyefanikiwa katika biashara yake, na nyumbani hawakukosa kitu. Walichokosa ni utulivu. Ndoa ya wazazi wake haikuwa na furaha, na hatimaye walitengana mwaka wa 1945.

Alipelekwa katika shule ya bweni ya Roedean, ambako urefu wake na haya zake zilimfanya ajihisi mgeni miongoni mwa wenzake. Mgongo wake nao ulikuwa umepinda kidogo na ulimsumbua maishani mwake mwote. Huenda ndiyo sababu baadaye hakuona shida kuketi kando ya watu waliotengwa na wenzao.

Mnamo 1938 alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kusomea siasa, falsafa na uchumi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka uliofuata, masomo hayo yalianza kuonekana kwake kama anasa. Mwaka wa 1940 aliacha chuo, jambo ambalo halikuwafurahisha wazazi wake, akaanza mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas's jijini London.

Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote, lakini mgongo ulimkatalia. Mwaka wa 1944 madaktari walimshauri aache kuinua wagonjwa. Alirejea Oxford, akakamilisha masomo yake, na kufikia 1947 alikuwa amerudi St Thomas's kama afisa wa ustawi wa jamii. Jukumu lake lilikuwa kushughulikia shida za wagonjwa zilizovuka mipaka ya wadi: kodi ya nyumba, watoto walioachwa peke yao, na mahali pa kumpeleka mtu ambaye hospitali haikuwa tena na la kumfanyia.

Pauni 500 za dirisha

Ni katika kazi hiyo ambapo alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw, Poland, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumu mkahawani jijini London. Tasma alikuwa na umri wa miaka 40 hivi na alikuwa na saratani isiyoweza kupasuliwa. Hakuwa na jamaa karibu wala mali ya kujivunia, na alisononeka kwamba angeondoka duniani bila kuacha alama yoyote.

Saunders alimtembelea mara kwa mara kwa miezi kadhaa, hata alipohamishiwa hospitali nyingine. Walipendana. Katika mazungumzo yao walianza kuwaza mahali ambapo mtu anayekufa angepata nafuu ya maumivu na pia wasaa wa kuwa binadamu, mahali tofauti na wadi yenye pilkapilka na kelele.

Tasma alifariki mnamo Februari 1948. Alimwachia Saunders pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba ambayo alijua Saunders angeijenga siku moja. Nyumba hiyo haikuwepo hata kwenye karatasi. Ilimchukua Saunders miaka 19 kuijenga kuizunguka zawadi hiyo.

Baada ya kifo hicho, alianza kujitolea jioni katika St Luke's, makao ya watu maskini waliokuwa wakifa, mtaani Bayswater. Huko aliona jambo ambalo hakuwa ameliona katika hospitali kubwa. Wauguzi wa St Luke's walikuwa wakiwapa wagonjwa mofini ya kunywa kwa ratiba, kila baada ya muda wa saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Wagonjwa wao walikuwa watulivu na wenye akili timamu.

Utaratibu huo ulikuwa umedumu makaoni humo kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyekuwa ameuchunguza kwa njia ya kisayansi na kuutangaza. Ulibaki kuwa siri ya nyumba moja.

Saunders alitaka kurejelea uuguzi ili awe karibu na wagonjwa wa aina hiyo. Daktari mpasuaji aliyefanya kazi naye, Norman Barrett, alimpa ushauri tofauti: asomee udaktari, kwani madaktari ndio waliokuwa wakiwapa kisogo wanaokufa, na asingesikizwa nao kama si mwenzao. Mnamo 1951, akiwa na umri wa miaka 33, aliketi darasani na vijana waliokuwa wadogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Alihitimu mwaka wa 1957.

Ushahidi kutoka vitandani

Mwaka wa 1958 alipata ufadhili wa kufanya utafiti kuhusu dawa za maumivu katika hospitali ya St Mary's. Utafiti wenyewe aliufanyia St Joseph's, makao ya wagonjwa mahututi mtaani Hackney, mashariki mwa London, yaliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki kutoka Ireland. Upendo haukukosekana mahali hapo, ila dawa zilitolewa kwa mtindo ule wa zamani wa kungoja mgonjwa alie.

Saunders aliwaletea watawa hao utaratibu aliojifunza St Luke's. Dawa ilitolewa kwa saa. Kipimo kilipangwa kulingana na maumivu ya kila mgonjwa, na dozi iliyofuata ilitolewa kabla ya ile ya kwanza kuisha nguvu. Mabadiliko yalionekana haraka. Watu waliokuwa wamejikunyata wakisubiri sindano walianza kuketi, kula, kuzungumza na jamaa zao na kupanga mambo yao ya mwisho.

Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba aliandika kila kitu. Kwa miaka saba alihifadhi rekodi za wagonjwa zaidi ya 1,000, akazipanga kwa kadi zilizotobolewa matundu na kunasa sauti za wagonjwa wakieleza hali zao. Rekodi hizo zilikanusha hofu za madaktari. Kipimo cha mofini hakikuwa kikipanda bila kikomo. Wagonjwa hawakuwa wakishinda wamelewa, na hamu ya dawa ilipungua pale walipokuwa na hakika kwamba dozi ijayo ingefika kwa wakati.

Kwa maneno mengine, kumngojesha mgonjwa dawa ndiko kulikomfanya aiwaze usiku na mchana.

Ni katika miaka hiyo pia alipounda wazo la maumivu kamili. Aligundua kwamba mgonjwa aliyeulizwa anaumwa wapi hakutaja kiungo kimoja tu. Alitaja mgongo, kisha mume aliyeacha kazi ili amtunze, fedha zilizokwisha, na hofu ya kuachwa peke yake. Kwa Saunders, uchungu wa mwili, wa nafsi, wa jamii na wa roho ulikuwa umefumwa pamoja. Mofini ilikuwa lazima, lakini haikutosha bila mtu wa kusikiliza.

Huko St Joseph's alimpenda Mpoland mwingine, Antoni Michniewicz, mgonjwa aliyefariki mwaka wa 1960. Msiba huo, uliofuatana kwa karibu na kifo cha babake, ulimwachia majonzi ya muda mrefu. Hata hivyo, hakuacha kuandika wala kuhutubu. Makala zake katika jarida la wauguzi zilikuwa zimekwisha kuanza kuvutia watu, na mwaka wa 1963 alizuru Marekani, ambako mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Yale ulizaa vuguvugu la huduma hiyo nchini humo.

Nyumba yapatikana

Fedha zilichangwa polepole kutoka kwa wakfu, makanisa, kampuni na watu binafsi. Hatimaye, mnamo Julai 1967, makao ya St Christopher's yalifunguliwa Sydenham, kusini mashariki mwa London, yakiwa na vitanda 54. Kwenye lango kuu liliwekwa dirisha la David Tasma.

Wahudumu wa St Christopher's hawakuishia kutunza. Walifundisha na kufanya utafiti pia, na madaktari na wauguzi kutoka nchi mbalimbali walikuja kujifunza. Mnamo 1969 wauguzi wa makao hayo walianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwao. Saunders aliamua kwa makusudi kuyaweka makao hayo nje ya mfumo wa afya wa serikali, ingawa serikali ilichangia gharama, ili apate uhuru wa kujaribu mambo mapya kisha mfumo wenyewe uige.

Hakuwa mtu laini. Waliofanya kazi naye walimjua kama mkuu mwenye msimamo mkali, asiyependa uzembe na asiyekubali kushindwa kwa urahisi. Alikuwa Mkristo wa imani thabiti, lakini milango ya makao yake ilikuwa wazi kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Alipinga vikali hoja ya kuwasaidia wagonjwa kufa, akishikilia kwamba wengi wanaoomba kifo huwa wanaomba kuondolewa mateso.

Swali lililosalia lilikuwa la dawa yenyewe. Nchini Uingereza, madaktari wengi walipendelea heroini, ambayo sheria ya huko iliruhusu itumike kama dawa, na pia mchanganyiko wa kienyeji uliotiwa kokeini na pombe. Lakini heroini ilikuwa imepigwa marufuku hospitalini katika sehemu kubwa ya dunia. Iwapo mafanikio ya St Christopher's yalitegemea heroini, basi yangebaki Uingereza.

Saunders alimkaribisha daktari kijana, Robert Twycross, mwaka wa 1971 ili achunguze jambo hilo. Utafiti wake ulionyesha kwamba, zikinywewa kwa ratiba na kwa vipimo vinavyolingana, mofini na heroini hazikuwa na tofauti ya maana kwa mgonjwa. Kokeini na pombe nazo hazikuwa na haja. Mofini iliyochanganywa na maji ilitosha.

Matokeo hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini ndiyo yaliyofungua mlango kwa mataifa maskini. Mofini ya kunywa ni rahisi kutengeneza, haihitaji sindano wala mashine, na mgonjwa anaweza kuinywa akiwa nyumbani kwake kijijini.

Kutoka wadi hadi sera

Mnamo 1986, WHO ilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, na Twycross alikuwa miongoni mwa wataalamu walioshiriki katika kuuandaa. Mwongozo huo ulipendekeza dawa itolewe kwa kinywa, itolewe kwa saa, na ipandishwe ngazi kwa ngazi, kuanzia dawa za kawaida hadi mofini kulingana na uzito wa maumivu. Yeyote aliyewahi kuzuru St Joseph's au St Christopher's aliutambua utaratibu huo mara moja.

WHO ilienda mbali zaidi. Ilizitaka serikali zisimamishe nguzo tatu kwa pamoja: sera ya taifa inayoitambua huduma hiyo, upatikanaji wa dawa zenyewe, na mafunzo kwa wahudumu. Nguzo moja ikikosekana, nyingine mbili haziwezi kusimama. Nchi inaweza kuwa na mofini bandarini na ikose daktari anayethubutu kuiandika, au iwe na daktari aliyefunzwa na bohari lisilo na dawa.

Wala sheria ya kimataifa haikuwa kikwazo kama wengi walivyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya unatambua waziwazi kwamba dawa hizo haziwezi kukosekana katika tiba ya maumivu, na unazitaka nchi zikadirie mahitaji yao kila mwaka. Nchi nyingi zilisoma tu upande wa marufuku.

Afrika Mashariki ilipokea mafunzo hayo mapema. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1990, na daktari wake mkuu wa kwanza alikuwa Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi barani Afrika na Asia. Mwaka wa 1993 Merriman, aliyefariki mwaka wa 2025, alihamia Uganda na kuanzisha huduma kama hiyo baada ya serikali kukubali kuagiza unga wa mofini. Unga huo ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa, na kupewa wagonjwa kwenye chupa za plastiki.

Mnamo 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake na kuwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum kuwaandikia wagonjwa mofini. Kwa nchi ambayo madaktari wake ni wachache na wengi wao wako mijini, hatua hiyo moja ya kisera iliwafikia watu ambao hakuna hotuba ingeweza kuwafikia.

Nchini Kenya mambo yalienda polepole. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka wa 1994 inaruhusu matumizi ya kitiba, lakini ukali wake uliwatia wahudumu wengi woga. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka wa 2010 ilisema kwamba ni hospitali saba pekee, kati ya takriban 250 za umma, zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tangu hapo huduma hiyo iliingizwa katika hospitali kadhaa za serikali, na nchi ikapata sera yake ya tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia wagonjwa mateso, ya kipindi cha 2021 hadi 2030.

Safari ingali ndefu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka wa 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za aina ya mofini zilizosambazwa duniani kila mwaka, ni tani 0.1 pekee zilizofika katika nchi zenye mapato ya chini kabisa.

Wanaohofia uraibu nao wana sababu. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1990, kampuni zilitangaza kwa pupa vidonge vikali vya maumivu, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaangamia. Lakini hilo halikuwa funzo la Saunders. Yeye alisisitiza kipimo kinachomfaa mgonjwa, rekodi za kila dozi, na mhudumu anayemjua mgonjwa kwa jina. Sera njema hufunga mlango wa ulanguzi bila kuufunga wa wadi.

Siku za mwisho

Saunders aliacha wadhifa wa mkurugenzi wa matibabu mwaka wa 1985, lakini aliendelea kuongoza bodi. Alipewa Tuzo ya Templeton mwaka wa 1981 na nishani ya juu ya Order of Merit mwaka wa 1989. Mwaka wa 1987 Uingereza iliitambua tiba shufaa kama tawi kamili la udaktari.

Maisha yake ya ndani nayo yalipata faraja. Mnamo 1963 alinunua mchoro uliomgusa moyo, akamwandikia mchoraji wake, Marian Bohusz-Szyszko, ambaye pia alikuwa Mpoland. Walioana mwaka wa 1980, bibi harusi akiwa na miaka 61 na bwana harusi akiwa na takriban miaka 80. Mumewe alifariki mwaka wa 1995, akitunzwa katika St Christopher's.

Miaka kumi baadaye zamu ilikuwa yake. Saratani ya matiti ilimlaza katika makao yaleyale aliyoyajenga, akahudumiwa na wauguzi wa nyumba aliyoiasisi, kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe aliufanyia utafiti. Alikufa huko, si mbali na lile dirisha la pauni 500.

Tasma alihofia kuondoka duniani bila alama. Alama yake ipo Sydenham, na ipo pia katika kila chupa ya mofini inayomfikia mgonjwa kijijini kwa wakati. Chupa hiyo haifiki kwa huruma pekee. Hufika kwa sababu mtu fulani aliiweka katika orodha ya dawa, akatenga fedha za kuinunua, akamfunza muuguzi kuitumia, na akatia saini kanuni inayomruhusu kuitoa.